Kumuuguza nyumbani mgonjwa wa mishipa ya miguu: mwongozo kwa sisi wa Amu (Lamu)

Huu mwongozo ni wako wewe ambaye una mzee ndani ya nyumba, mguu una kidonda hakiponi ama akitembea kidogo tu anasimama kushika shavu la mguu, umetoka nae hospitali na mfuko wa dawa na tarehe ya kurudi, sasa umefika nyumbani ngazi ni zile zile, kichochoro ni kile kile, na hujui uanzie wapi. Mimi ni nasi, muuguzi wa hospitali, kazi yangu kubwa ni vidonda vya miguu, na nikiingia majumbani naona watu wanauguza kwa mapenzi kabisa lakini wengine wanafanya kinyume. Kwa hivyo naanza na lile ambalo likikosewa mengine yote hayasaidii.

Hatua ya 1: Jua ni mishipa gani yenye shida

Hii usiiruke. Mguuni kuna mishipa inayoleta damu kutoka kwa moyo, hiyo ni ateri, na kuna inayoirudisha juu, hiyo ni vena. Ikiharibika yoyote kati ya hizo mtu ataambiwa ana shida ya mishipa na huenda akatokwa na kidonda, lakini uuguzaji wake ni mbali mbali, kinachomponya huyu kinaweza kumkatisha yule mguu.

Ateri huziba pole pole kwa mafuta na chokaa zinazoganda kwenye kuta zake, ukitaka kuelewa angalia paipu iliyopitisha maji ya kisima ya chumvi miaka mingi, ikikatwa unaona tundu limebaki dogo. Vinavyosababisha ni sigara, sukari, presha, kolesteroli na umri. Mgonjwa huyu akitembea shavu la mguu linambana, akisimama dakika chache linaachia, akianza tena linambana tena. Hali ikizidi maumivu yanamfuata kitandani, usiku vidole vinawaka mpaka autoe mguu nje auning'inize ndio apate usingizi. Mguu unakuwa wa baridi, ngozi nyembamba inang'aa, vinyweleo vimeisha, kucha nene, na kidonda kinakaa ncha za vidole, kisigino ama pale kiatu kinapokwaruza, kidogo kwa upana lakini kimeingia ndani na kinauma sana.

Vena nazo zina vali zinazozuia damu isirudi chini, zikichoka damu inatuama. Mguu mzito, unavimba jioni zaidi kuliko asubuhi, mishipa imejitokeza, ngozi juu ya kifundo imekuwa nyeusi zaidi na ngumu na inawasha, na kidonda kinatokea upande wa ndani juu ya kifundo, kipana, hakina kina, kinatoa maji mpaka shuka inalowa.

Wako wenye zote mbili. Na mwenye sukari anaweza kuwa na ateri imeziba na asisikie kitu manake neva zimekufa ganzi, kwa hivyo akikwambia "hapaumi mamangu" usifurahi haraka.

Jambo jingine, utaambiwa uangalie mguu ukiwa mweupe ama mwekundu, kwa ngozi zetu rangi hizo hazionekani vizuri, tumia mkono. Weka mgongo wa mkono wako kwenye miguu yote miwili kuanzia goti ukishuka, sikiliza baridi inaanzia wapi na kama upande mmoja umezidi. Alafu tafuta mapigo: vidole viwili juu ya mguu pale katikati, kwenye mstari unaotoka baina ya kidole gumba na cha pili yake, na pengine nyuma ya kifundo upande wa ndani. Bonyeza taratibu, ukikandamiza sana utasikia mapigo ya vidole vyako mwenyewe na utajidanganya. Wengine wazima kabisa hawana ule mpigo wa juu, kwa hivyo ukiukosa usianze kulia, nenda uulize.

Unachouliza hospitali ni wampime presha ya mkononi na ya kifundoni kwa mashine ya dopla, ile inayosikiliza damu ikipita. Ya kifundoni inagawanywa kwa ya mkononi. Ikija 0.9 kushuka chini, ateri zina shida. Ikipita 1.4 maana yake mishipa imekakamaa, wenye sukari hutokea hivyo, na hapo hicho kipimo pekee hakitoshi. Muulize nasi "imekuja ngapi?" na uiandike kwenye daftari lake. Mpaka hiyo namba ijulikane na daktari akubali, usimvishe soksi ya kubana wala bandeji ya kukaza, hata kama jirani aliivaa akapona, jirani alikuwa na vena.

Hatua ya 2: Mguu ukae vipi

Wa vena: miguu ipande juu ya usawa wa moyo, nusu saa mara 3 ama 4 kwa siku, mito miwili mitatu chini ya mguu mzima, si chini ya goti peke yake. Soksi ama bandeji ya kubana akiandikiwa avae asubuhi kabla hajashuka kitandani, akishaanza kuzunguka mguu umeshavimba, utahangaika nayo bure. Na ile ya kukaa barazani toka alasiri mpaka magharibi miguu inaning'inia, hapana, ama apate kigoda cha kuiwekea ama ainuke kila baada ya muda atembee.

Wa ateri: usiunyanyue mguu. Damu yenyewe inafika kwa shida, ukiuinua unaizuia zaidi, ndio maana mwenyewe usiku anauning'iniza. Alale sawa ama upande wa kichwa uinuke kidogo. Kisigino kisigandamizwe na godoro, weka mto mwembamba chini ya shavu la mguu ili kisigino kibaki hewani, pitisha kiganja chako chini yake uhakikishe. Kisigino cha mtu wa ateri kikitoboka ni miezi. Akihisi baridi mpe soksi pana za pamba na shuka ya ziada, usimpe chupa ya maji moto, usimkande kwa kitambaa cha moto, usimsogeze karibu na jiko la makaa. Ngozi ile inaungua na yeye hajui.

Hatua ya 3: Ukaguzi, na udhu ndio wakati wake

Sisi tuna bahati, mguu unaoshwa mara tano kwa siku bila ya mtu kukumbushwa. Shida ni kuwa unaoshwa haukaushwi, maji yanabaki baina ya vidole, joto letu hili, fangasi inaingia, ngozi inapasuka na mpasuko ndio mlango wa vijidudu. Mwekee taulo dogo pale pale anapochukulia udhu, liwe jeupe, manake likitoka na doa la damu ama usaha utaliona hata yeye asiposema. Kila kidole kikaushwe. Mara moja kwa siku kaa wewe mwenyewe na mguu wake, juu, chini, katikati ya vidole, kisigino, kukiwa na giza washa tochi ya simu. Ngozi ikikauka paka mafuta ya nazi ama ya mgando, lakini usipake baina ya vidole. Maji ya kuogea yapime kwa kiwiko chako, si kwa mguu wake. Kucha kata moja kwa moja usiingie pembeni, na zikiwa nene ngumu usipigane nazo kwa wembe, mpeleke kwa nasi.

Mwenye bandeji asiifungue akalowesha kidonda kwa ajili ya udhu, kuna ruhusa ya kupangusa juu ya bandeji, amuulize shekhe wake amweleze, wazee wanatulia wakiisikia kutoka kwa shekhe kuliko kutoka kwangu.

Kwa kina mama, hina. Hina yenyewe sina ugomvi nayo, ila kwenye vidole vya miguu inaficha. Kucha ikianza kuwa nyeusi ama ncha ya kidole ikigeuka rangi, chini ya hina huoni kitu mpaka harufu itoke. Mwambie bi mkubwa apake viganjani, miguuni aache vidole vitupu. Piko ndio usimruhusu kabisa, ile ina kemikali ya rangi ya nywele inayobabua wengine mpaka malengelenge, na lengelenge kwenye mguu usio na damu ni kidonda kipya.

Viatu: makubadhi ni mazuri kwa macho lakini ule ukanda wa baina ya vidole unakwaruza, champali vivyo hivyo. Atafute kiatu kilichofunika mbele, kipana, laini, na kila akivaa kikung'utwe, chembe moja ya mchanga ama kijipande cha tumbawe kinatosha. Asitembee pekupeku hata ndani. Anapopanda mashua maji yametoka na inabidi akanyage ndani ya maji, avae viatu vya mpira, chaza na mawe ya pwani hayamjui mgonjwa.

Hatua ya 4: Kidonda

Kama anaumia sana mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa nusu saa kabla hujaanza. Nawa mikono kwa sabuni, vaa glavu. Bandeji ya zamani usiivute kavu, ilowanishe kwanza iachie yenyewe, ukivuta unang'oa nyama changa iliyokuwa inaota. Osha kwa maji ya chumvi ya hospitali ama maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kausha ngozi ya pembeni, weka shashi ama dawa aliyoandika daktari, kisha funga. Mguu wa ateri bandeji ilegee, ikae tu isianguke. Wa vena ufungwe na aliyefunzwa kufunga, kuanzia vidoleni kwenda gotini, mbano unapungua kadri unavyopanda, na akisikia ganzi ama vidole vimekuwa baridi fungua hapo hapo.

Mara moja kwa wiki pima kwa rula urefu na upana, piga picha kwa simu, rula ionekane ndani ya picha. Macho ya kila siku hayaoni mabadiliko, picha zinaonyesha, na daktari ukimpelekea picha za mwezi anaelewa zaidi kuliko ukimwambia "kinaendelea vizuri".

Sasa visivyowekwa: unga wa kapsuli uliofunguliwa, dawa ya meno, spiriti, jiki, majivu, tumbaku, ndimu. Maji ya bahari pia hapana, najua tumelelewa nayo kwa mikwaruzo ya utotoni lakini huu si mkwaruzo. Asali hospitali huitumia, ila ile imesafishwa kwa ajili ya vidonda, si ya chupa ya jikoni.

Kidole kikigeuka cheusi kikavu, usikiloweke wala usikikate wala usikifunge kwa dawa ya majimaji ili "kilainike". Kiache kikavu, funika kwa shashi kavu, na apelekwe. Cheusi kilichokauka kina subira kidogo, kikianza kulowa, kunuka na kuvimba hakina subira, hapo ni leo.

Hatua ya 5: Kutembea

Hapa ndipo familia zinamharibia mgonjwa wa ateri kwa huruma. Anaumia akitembea basi anawekwa ndani, chai inaletwa, mkate unaletwa, miezi mitatu baadae hawezi hata ngazi. Yale maumivu ya shavu la mguu hayamaanishi nyama inakatika, ni misuli inalilia damu, na kadri anavyotembea misuli inajifunza kutumia ile kidogo vizuri na vijishipa vya pembeni navyo vinasaidia.

Atembee mpaka maumivu yawe makali ya kiasi, asimame ama akae mpaka yaishe, aendelee, hivyo hivyo kwa nusu saa na zaidi, si chini ya mara 3 kwa wiki, na asitegemee kuona tofauti kubwa kabla ya miezi mitatu hivi. Mji wetu kwa hili umejengwa sawa sawa, usita wa mui, ile njia kuu ya mji, una baraza kila baada ya nyumba chache na hakuna mwenye nyumba atakaemuuliza kwa nini umekaa. Hesabu yenu iwe ya baraza, nasikia binti anamuuliza babake "leo umefika wapi baba?" na mzee anajibu "nimekaa mara tatu mpaka Mkunguni mamangu", kisha mwezi mwengine ni mara mbili. Hicho ni kipimo, kiandikeni. Akipata nguvu apelekwe ufukoni asubuhi na mapema kabla jua halijakaza, pale ni tambarare. Vichochoroni ajibane ukutani punda wa mizigo wakipita, kwato moja juu ya mguu ule ni msiba.

Asiyefaa kuanza kutembea hivi bila daktari: mwenye maumivu hata akiwa amekaa, mwenye kidonda chini ya wayo, mwenye kidole cheusi, na anayebanwa na kifua. Huyo kwanza aonwe.

Hatua ya 6: Sigara, miraa, chakula, dawa

Sigara kwanza, kwa sababu unaweza kufanya yote niliyosema na sigara moja moja ikayafuta. Nikotini inabana mishipa, moshi unaharibu kuta zake. Tumbaku ya kutafuna haimtoi kwenye hatari, shisha pia, yale maji hayachuji sumu. Miraa na muguka zinapandisha presha na kubana mishipa, tena mara nyingi zinaenda pamoja na sigara na soda na usiku mzima wa kukaa. Mzee hataacha kwa kugombezwa mbele ya wajukuu. Kaeni nae faragha, apange siku mwenyewe, na wanaovuta ndani ya nyumba watoke nje.

Chakula sitakaa sana. Samaki mbichi tunao, mchicha tunao, kunde tunazo. Punguza ng'onda na achari kwa ajili ya chumvi, tui zito lisiwe kila siku, viazi karai na bajia ziwe za siku moja moja, na chai apunguziwe sukari kidogo kidogo. Mwenye kidonda asinyimwe samaki, mayai na maharage, kidonda hakijijengi kwa uji mtupu.

Dawa: wengi wa ateri wanapewa aspirini ndogo ama klopidogreli, na dawa ya kolesteroli, pamoja na za presha na sukari wakiwa nazo. Hizi si za maumivu, haziachwi mguu ukitulia. Dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na ibuprofeni asizichanganye na hizi bila kuuliza, tumbo linaweza kutoka damu na figo zikaumia. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aende na vipimo vyake vya damu, na mitishamba yoyote aitaje kwa daktari bila aibu. Kama mnaishi Faza, Siyu au Kipungani, msisubiri kidonge cha mwisho, kusi ikichafuka boti haziendi, wekeni akiba ya wiki mbili. Ramadhani ikikaribia, mwezi kabla, muulize daktari kama atafunga na dawa zigawanywe vipi baina ya futari na daku, asijipangie mwenyewe hasa mwenye insulini.

Hatua ya 7: Maisha yake, si mguu wake tu

Muulize: kitu gani unakikosa zaidi? Usimjibie. Mmoja atasema msikiti, mwengine dhumna na wenzake, bibi atasema kwenda harusini. Mipango yote ipangwe kufikia hicho. Msikiti, basi aswali juu ya kiti, mtu aende nae na mkononi ambebee kiatu ili asivuke ua pekupeku. Harusi, basi badilisha bandeji kabla ya kutoka na umtafutie kiti pembeni pa kuinua mguu.

Harufu ndio inawafungia watu ndani. Hawasemi, wanaanza tu kukataa wageni na kula peke yao. Badilisha bandeji mara nyingi zaidi, mfuko wa taka ufungwe utoke nje hapo hapo, fungua madirisha, udi uchomwe kabla hajaingia chumbani, sio usoni kwake. Harufu iliyozidi ghafla ni ya kumpeleka kwa daktari, si ya kuifukizia.

Usingizi muulize, na huzuni pia. Mtu aliyekuwa nahodha leo anapandishwa ngazi na mjukuu, hicho kitu kinauma kuliko kidonda. Akiacha kula, akisema bora afe, mwambie daktari wake, hiyo nayo ina tiba. Na jambo ambalo wanaume hawalisemi kabisa mbele ya binti zao: mishipa ile ile ikiziba na mambo ya unyumba yanadhoofika. Mwache aingie kwa daktari peke yake dakika tano. Vidonge vya nguvu vya mtaani akichanganya na dawa fulani za moyo presha inaweza kuanguka akapoteza maisha.

Na wewe unayeuguza, zamu. Ndugu wa Mombasa anayepiga simu kutoa maelekezo aje akae wiki moja nae afunge bandeji.

Yasiyosubiri asubuhi

Mguu umekuwa baridi ghafla, umepauka, unauma vibaya ama umekufa ganzi na vidole havisogei: hiyo ni ateri imeziba kabisa, mnahesabu masaa, baada ya sita hivi misuli inaanza kufa. Usikande, usipashe moto, usinyanyue.

Mguu mmoja umevimba ghafla una joto na shavu linauma: pengine damu imeganda kwenye vena. Msimwite mkandaji, kukandwa kunaweza kulitoa donge likapanda mapafuni. Akianza kuhema, kifua kumchoma ama kukohoa damu, ni dharura.

Uso umeenda upande, mkono umeanguka, maneno hayatoki: kiharusi, andika saa ilipoanza. Homa na kidonda kinachosambaza wekundu ama joto, hasa mwenye sukari: usiku huo huo.

Hayo hayapangwi siku yenyewe. Leo andikeni nyuma ya mlango namba za manahodha wawili, si mmoja, na za vijana wanne wanaoweza kumteremsha ngazi kwa kiti, na ya hospitali ya King Fahd. Mjiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali, mapema kwa *147#, ilichukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na mchango ulipwe kabla ya ugonjwa kuzidi. Akiandikiwa rufaa kwenda Mombasa kuonwa na daktari wa mishipa, mfuko wake uwe na kitambulisho, karatasi ya rufaa, daftari lenye namba ya dopla, dawa zote kwenye pakiti zake, zile picha za kidonda, shashi za siku mbili na mto wake wa kisigino, manake kutoka Mokowe ni safari ndefu na kiti cha basi hakina pa kuweka mguu, muombeni dereva kiti cha mbele mapema na kila basi likisimama ashuke atembee hatua chache.